Wageni wa Kiangazi: Ndege wa Maji katika Malambo ya Kibaigwa na Nyanda za Kati

Kuanzia mwezi Septemba hadi mvua za kwanza zinaponyesha, mji wa Kibaigwa hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza wanajulikana na kila mtu: ni wafanyabiashara na madereva wa malori wanaofuata mahindi katika soko la kimataifa la nafaka, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dodoma. Wa pili hawapigi honi wala hawaulizi bei. Hufika usiku, wakishuka kutoka angani kando ya malambo yaliyobakiza maji kidogo na tope jingi, na asubuhi mchungaji anayeleta ng'ombe kunywesha huwakuta wakitembea ukingoni kana kwamba wamekuwapo siku zote. Ni ndege wa maji, na baadhi yao wametoka Siberia.

Makala haya yanakusudia kueleza ni nani ndege hao, kwa nini wanakuja wakati ambao sisi tunauona kuwa wa shida, na ni jambo gani linalotegemea uamuzi wetu juu ya ukingo wa lambo. Hoja yetu ni moja: tope linaloachwa na maji yanayopungua si dalili kwamba lambo limekwisha kazi yake. Ni sehemu hai ya lambo, na afya ya tope hilo ndiyo afya ya maji tunayoyanywesha mifugo na, mahali pengine, tunayoyachota sisi wenyewe.

Majira yao na majira yetu

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ni majira ya kupukutika kwa majani. Siku zinafupika, baridi inaingia, na maeneo ya mbali kabisa ya kaskazini huanza kuganda. Ndege aliyezoea kuchokoa wadudu katika tope hawezi kuchokoa barafu. Ni lazima aondoke au afe.

Kwetu nyanda za kati miezi hiyo hiyo ni mwisho wa kiangazi. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka hakizidi sana milimita 500 au 600. Miezi mingine yote ni mikavu. Wazee wa Kongwa wanaokumbuka habari za Mpango wa Karanga, ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, wanajua jinsi ukavu huo ulivyowashinda hata watu waliokuja na matrekta na fedha nyingi. Kufikia Oktoba, lambo lililokuwa limejaa mwezi Aprili limerudi nyuma, na pande zote limeacha mkanda wa tope lililopasuka juu na kulowa chini.

Hapo ndipo majira mawili yanapokutana. Ndege anakimbia kaskazini kwa sababu tope linaganda. Anafika kwetu wakati tope linafunuliwa. Kama angekuja mwezi Machi, malambo yakiwa yamejaa hadi kwenye nyasi, chamchanga mwenye miguu mifupi asingepata mahali pa kusimama. Kiangazi tunachokilalamikia ndicho kinachomwandalia chakula.

Meza iliyoandaliwa katika tope

Ukitazama kwa mbali, tope ni tope tu. Ukilichimbua kwa kijiti utaona minyoo myembamba, viluwiluwi vya vijiinzi na mbu, konokono wadogo na mayai ya wadudu. Samadi ya ng'ombe na mbuzi wanaokuja kunywa huwalisha wadudu hao, na kwato zao hulifukua tope. Kwa hiyo mchungaji na ndege hawa si maadui. Kila siku maji yanaporudi nyuma kidogo, mkanda mpya wa tope laini hufunuliwa, nao chakula kipya kinaonekana. Hivyo lambo linalopungua polepole lina chakula cha ndege wengi kuliko lambo lililojaa au lililokauka kabisa.

Maumbile ya ndege hawa yanaonyesha jinsi wanavyogawana meza hiyo bila kugombana sana. Wenye mdomo mfupi hula juu ya tope, kwa kutazama na kukimbia. Wenye mdomo wa wastani huchoma tope kwa sentimita chache. Wenye mdomo mrefu hutafuta chini zaidi, kwa kugusa wala si kwa kuona. Wenye miguu mirefu huingia majini hadi magotini. Bata hula pale kina kinapoongezeka. Na yangeyange hungoja samaki na vyura kwa subira. Mtu akijifunza kutazama miguu na mdomo kwanza, kabla ya rangi, atakuwa amekwisha kupata nusu ya jibu la swali la kwamba huyu ni ndege gani.

Wenyeji wa mwaka mzima

Si kila ndege wa lambo ni msafiri. Ni vyema kuwafahamu kwanza wenyeji, ili mgeni akija atambulike.

Bata bukini wa Misri, mwenye rangi ya kahawia na doa la kahawia iliyokolea kuzunguka jicho, huishi wawili wawili na hupiga kelele nyingi mtu akikaribia. Bata mwenye uso mweupe na shingo nyeusi hukaa katika makundi, akisimama wima kando ya maji mchana. Usiku husikika akipita juu ya nyumba kwa mluzi wa sauti tatu. Bata mdogo mwenye mdomo mwekundu na utosi wa giza naye hupatikana katika mabwawa mengi ya nyanda za kati. Malambo madogo yanapokauka, bata hawa husogea na kukusanyika katika mabwawa makubwa; mvua zikinyesha hutawanyika tena hadi kwenye madimbwi ya mbugani, ambako wengi wao hutaga.

Kando ya tope yuko ndege mweusi na mweupe, mwenye miguu mirefu kiasi, ambaye sauti yake ni kama nyundo ndogo inayogonga chuma. Huyo ndiye mlinzi wa lambo: akikuona, ndege wote wanajua umekuja. Kuna pia kitwitwi mdogo mwenye duara jekundu kuzunguka jicho na mistari miwili myeusi kifuani yenye mweupe katikati. Hukimbia, husimama ghafla, huinama, kisha hukimbia tena. Jamaa yake mwingine hutaga mayai mahali pakavu penye udongo mtupu, na anapolazimika kuondoka huyafukia haraka kwa udongo kwa miguu yake ili yasionekane. Mtu anayekatiza pembeni mwa lambo anaweza kuyakanyaga mayai hayo bila kujua kwamba yapo.

Mahali penye mayungiyungi hutembea ndege mwenye vidole virefu ajabu, anayegawanya uzito wake juu ya majani hata hazami. Kwa ndege huyo, dume ndiye anayeatamia mayai na kulea makinda. Akihisi hatari huwabeba chini ya mabawa yake, miguu yao mirefu ikining'inia nje.

Wageni kutoka kaskazini

Miongoni mwa wasafiri, anayefika mapema kuliko wengi ni chamchanga anayetikisa mkia. Wa kwanza wanaweza kuonekana tangu mwishoni mwa Julai na Agosti. Hukaa peke yake, hutikisa nyuma ya mwili wake bila kuacha, na akiruka hupita chini sana juu ya maji, akipiga mabawa kwa vishindo vifupi. Alama yake ni kipande cheupe kinachopanda mbele ya bega.

Wa pili ni chamchanga mwenye madoadoa mgongoni, nyusi nyeupe na miguu ya manjano yenye kijani. Akishtuka huruka juu kwa sauti kali ya haraka, akionyesha mgongo mweupe juu ya mkia. Hupenda hata dimbwi dogo la kunyweshea mifugo. Wa tatu ni mkubwa zaidi, wa kijivu, mwenye miguu ya kijani na mdomo uliopinda kidogo kwenda juu. Mlio wake wa mara tatu husikika mbali.

Wa nne huwachanganya watu, kwa sababu dume ni mkubwa kuliko jike kiasi kwamba mtazamaji hudhani ni ndege wa aina mbili. Manyoya ya mgongoni yanafanana na magamba, kichwa ni kidogo na shingo ni ndefu. Huko kaskazini wakati wa kuzaliana, dume huota manyoya marefu shingoni kama kola ya mapambo. Akifika kwetu amekwisha kuyavua. Hula katika tope, na pia katika mashamba yaliyovunwa na majaruba ya mpunga.

Mdogo kuliko wote ni chamchanga ambaye uzito wake ni gramu 20 hadi 30, takribani sawa na shomoro. Mdomo wake mweusi unadona tope kama cherehani. Huzaliana katika pwani za Bahari ya Aktiki, kuanzia kaskazini mwa Norwe hadi Siberia. Kutoka Siberia ya kaskazini hadi Kibaigwa, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 8,000. Kwa chamchanga wengi wa Aktiki wazazi huondoka kwanza. Watoto waliozaliwa mwezi Julai hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaongoza. Ndege wa miezi mitatu, ambaye hajawahi kuiona Afrika, hufika Afrika. Wanasayansi wanaeleza kwamba uelekeo na muda wa safari amevirithi, na kwamba njiani huongozwa na jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Mafuta anayoyajaza mwilini kabla ya kuondoka ndiyo mafuta ya safari. Yakiisha kabla hajapata lambo lenye tope, safari inaishia hapo.

Kufikia Novemba na Desemba huongezeka bata wa kaskazini, wakiwamo wenye mdomo mpana kama mwiko, na korongo weupe wa Ulaya wanaofuata nzige na viwavi mbugani. Wote hao huanza kuondoka mwezi Machi, na kufikia mwanzo wa Mei karibu wote wamekwenda.

Jinsi watu walivyoigundua safari hii

Kwamba ndege husafiri kwa majira ni jambo la kale. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, alimtaja korongo anayejua majira yake ili kuwaonya watu waliosahau ya kwao. Hata hivyo, mahali ndege wanakokwenda palibaki fumbo kwa karne nyingi. Huko Ulaya wako wasomi walioamini kwamba ndege fulani hujificha chini ya maji wakati wa baridi, au hugeuka kuwa ndege wengine.

Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni. Mkuki ulikuwa wa mti na wa kazi ya mikono ya Afrika. Korongo huyo alikuwa amechomwa Afrika, akaokoka, akaruka na jeraha lake hadi nyumbani Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa njia hiyo ya huzuni, watu wa Ulaya walipata uthibitisho wa kushikika kwamba korongo wao ni korongo wetu pia.

Baadaye ilikuja njia ya upole zaidi: pete nyepesi yenye namba, inayovishwa mguuni, kisha ndege akaachwa huru. Pete zilizovishwa miguuni mwa ndege wa matopeni katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya zimepatikana Siberia. Leo vipo pia vifaa vidogo vinavyotuma habari kupitia setilaiti.

Hapa kwetu, kazi ya kukusanya kumbukumbu imefanywa kwa miaka mingi na Atlasi ya Ndege Tanzania, inayosimamiwa na Neil na Liz Baker. Bwawa la Mtera ni miongoni mwa maeneo yanayotambuliwa kimataifa kuwa muhimu kwa ndege. Ardhi oevu ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, hujaa na kukauka kwa kadiri ya mvua. Maziwa ya Singida na Kindai, kando ya mji wa Singida, yana maji ya magadi, nayo huvutia heroe. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 katika bonde la mto Kinyasungwe, ndilo bwawa kubwa lililo karibu zaidi na watu wa upande wetu. Lakini kati ya mabwawa hayo yanayojulikana kuna malambo mengi yasiyo na jina katika ramani. Kwa ndege mchovu, hayo ndiyo vituo vya njiani. Na kama vituo vyote vidogo vikifungwa, vile vikubwa peke yake havitoshi.

Namna ya kutazama na kuhesabu

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mtu mwenye daftari, kalamu na subira anaweza kuianza. Darubini ikipatikana, hata moja kwa kikundi kizima cha vijana au darasa, kazi inakuwa rahisi zaidi.

Kwanza, chagua saa. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo bora, na zinazofuata ni saa mbili kabla ya machweo. Mchana joto hutetemesha hewa juu ya tope, na ndege wengi hupumzika. Pili, kaa upande ambao jua liko nyuma yako. Ukilielekea jua kila ndege ataonekana mweusi. Tatu, usizunguke lambo. Kaa mahali pamoja chini ya mti, nyamaza kwa dakika kumi na tano, na ndege waliokwenda upande wa pili watarudi. Nne, andika kabla ya kubahatisha jina: ukubwa ukilinganisha na njiwa au shomoro, urefu na rangi ya miguu, umbo la mdomo, anakula wapi na kwa namna gani, na analia vipi akiruka.

Kuhusu kuhesabu, wahesabu ndege wote wanapokuwa wachache. Wakiwa wengi, hesabu kumi, jizoeze kuona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa makumi. Andika tarehe, saa, jina la lambo na hali ya maji. Hata hesabu ya sifuri ni habari: lambo lililokuwa na chamchanga 40 mwaka uliopita na mwaka huu halina hata mmoja linatuambia jambo.

Kila mwezi Januari hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967 na inayoratibiwa na shirika la Wetlands International. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuwahifadhi ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa mwaka 1995 na kuanza kutumika mwaka 1999. Daftari la mwanafunzi wa Kibaigwa, likiandikwa kwa uaminifu kwa miaka mitano, linaweza kuwa na thamani katika kazi hiyo kubwa.

Tahadhari mbili zisisahauliwe. Usiingie majini miguu mitupu, kwa kuwa konokono wa maji yaliyotuama hueneza kichocho. Tena usimguse ndege uliyemkuta amekufa, hasa wakiwa wengi mahali pamoja. Toa taarifa kwa ofisa mifugo, kwa sababu mafua ya ndege huweza kuwapata bata wa mwituni, kuku wa nyumbani na hata binadamu.

Kwelea kwelea na swali la sumu

Mkulima wa mtama na uwele katika Wilaya ya Kongwa ana haki ya kuuliza: mnatufundishaje kuwapenda ndege, ilhali ndege wanatumaliza? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Kwelea kwelea ni ndege mdogo mla nafaka. Mmoja hula takribani gramu 10 kwa siku, na kundi linaweza kuwa la ndege mamilioni. Familia inaweza kupoteza chakula cha mwaka kwa siku chache. Serikali, kwa msaada wa ndege za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani Afrika Mashariki, hunyunyizia sumu katika miti na matete ambamo kwelea hulala. Kilimo cha watu maskini hakiwezi kuachwa bila ulinzi.

Lakini yatupasa kutambua mambo mawili. La kwanza, ndege wa matopeni hawali nafaka iliyoko shambani. Chakula chao ni minyoo na wadudu, na korongo mweupe anayefuata nzige na viwavi anamfanyia mkulima kazi bila ujira. Kumpiga chamchanga kwa manati kwa hasira ya kwelea ni kumwadhibu asiye na kosa. La pili, sumu inayotumika kuwaua kwelea, iitwayo fenthioni, hushambulia mishipa ya fahamu ya ndege wa kila aina, haichagui. Matete wanamolala kwelea mara nyingi yako kando ya maji. Mwewe na korongo wanaookota kwelea wanaokufa hufa pia. Kwa hiyo wananchi wanapotoa taarifa za makundi ya kwelea, ni vyema waeleze wazi kama mahali hapo pana lambo, na kama mifugo na watu hutumia maji yake, ili wataalamu waamue wakijua. Inafaa pia kukumbuka kwamba katika Wilaya ya Kondoa wako wananchi wanaowatega kwelea kwa nyavu na vikapu na kuwafanya kitoweo. Njia hiyo haimalizi tatizo, lakini haiachi sumu majini.

Hatari nyingine ni mtu binafsi anayetia kiuatilifu cha shambani ndani ya lambo ili avue samaki au apate bata wa kuuza. Hilo halina utetezi. Nyama hiyo ina sumu, maji hayo yana sumu, na anayeyanywa anaweza kuwa mtoto wa jirani. Kuwinda ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kutia sumu katika maji ya watu ni kosa mbele ya Mungu hata pasipo sheria hiyo.

Ukingo wa lambo ni wa nani?

Maji yanapopungua, ukingo unaobaki wazi unaonekana kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Mmoja hufyatua matofali, mwingine hulima bustani ya mchicha hadi kwenye tope, na wa tatu hukata matete yote. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu ya njaa haidharauliwi. Lakini udongo uliolegezwa mwezi Oktoba ndio unaosombwa na mvua ya kwanza ya Desemba na kushuka ndani ya lambo. Mwaka baada ya mwaka kina kinapungua. Lambo lililokuwa likifika Novemba linakauka Septemba. Watu wa nyanda za kati wanajua mabwawa yanavyojaa mchanga. Hombolo lenyewe ni mfano.

Hapa ndipo faida ya ndege na faida ya binadamu zinapokuwa kitu kimoja. Ndege anahitaji lambo linalopungua polepole, lenye ukingo usiochimbwa, matete ya kutosha na maji yasiyo na sumu. Ng'ombe anahitaji hayo hayo, na mama anayebeba ndoo pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Lakini sheria bila makubaliano ya kijiji huishia kwenye makaratasi. Jumuiya Ndogondogo, kamati za maji, wafugaji na wakulima wanaweza kukubaliana mambo machache: njia moja au mbili za mifugo kushukia majini badala ya kuzunguka pande zote, bustani juu ya mstari uliowekwa, na maji yapelekwe kwa ndoo, matofali yafyatuliwe mbali na ukingo, na upande mmoja wa lambo, hata ukiwa mdogo, uachwe na tope lake na matete yake.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba na kuhitimishwa tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, kinaangukia katika majuma yale yale ambamo wageni hawa wanawasili. Mwaka 2015, katika Waraka wake wa Laudato si', Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba viumbe vingine vina thamani yake mbele ya Mungu, si kwa sababu tu vinatufaa. Mara nyingi tumeadhimisha kipindi hiki kwa kupanda miti, na ni jambo jema. Parokia au shule iliyo karibu na lambo inaweza kuongeza tendo jingine: asubuhi moja ya kutazama na kuhesabu, ikifuatwa na mazungumzo na wanaolitumia lambo hilo juu ya ukingo wake. Mazungumzo huwa mepesi pale watu wanapokuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kile kinachozungumzwa.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kabla ya mvua. Zikinyesha, tope litafunikwa, bata watatawanyika mbugani, na udongo wote uliochimbwa ukingoni utakuwa umeanza safari yake ya kuingia majini. Kabla ya hapo bado yapo majuma machache ambamo anayepita kando ya lambo asubuhi anaweza kumwona ndege mwenye uzito wa shomoro, aliyetoka pwani ya barafu, akidona tope la Kibaigwa. Amefika kwa sababu tope hilo bado lipo. Mwakani atarudi kulitafuta mahali pale pale.